Mheshimiwa Hukohoa Asubuhi

Mahali alipokuwa ameegeshwa Mheshimiwa palibaki doa la oili lenye upana wa sahani, na paka aliyelizunguka akilinusa kana kwamba yeye ndiye aliyepewa kesi.

Inspekta Kavata alimfukuza paka, akachuchumaa. Hapakuwa na kioo kilichovunjika. Hapakuwa na alama za kuburura. Geti la yadi lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo, na baada ya gari kutoka likafungwa tena vizuri.

"Mwizi gani anafunga geti akitoka?" aliuliza.

"Wa kimataifa," alijibu Sajini Otiende, aliyekuwa amebeba kamera ya ushahidi shingoni kama mtalii. "Hawa wamesomea, madam. Saa hii gari iko Namanga, inavuka mpaka."

Mheshimiwa hakuwa mtu. Lilikuwa gari kubwa jeusi la kifahari, la kutoka Ulaya, lililotengenezwa kupanda milima na kuvuka mito huku abiria wakiwa wameketi juu ya ngozi laini. Mbunge mmoja alilinunua likiwa jipya. Wapiga kura walipomwangusha, gari nalo likashuka cheo mpaka likafika hapa Kitengela, katika yadi ya magari ya Wahome kando ya barabara ya Namanga. Mmiliki alipoondoka, cheo kilibaki kwa gari.

Wahome mwenyewe alisimama kando akiwa na suti ya buluu na viatu vyenye ncha ndefu. Alikuwa akijifuta macho ambayo hayakuwa na machozi.

"Nimemalizwa, madam," alisema. "Mteja anakuja leo kulipa. Leo."

"Ufunguo uko wapi?"

Akautoa mfukoni.

"Wa pili?"

"Kwa mama yangu, hapo nyuma. Kwa kabati ya vikombe. Funguo zote za akiba hukaa hapo, sababu huku ofisini zinapotea."

Kavata aliitikia kwa kichwa, akamgeukia mlinzi. Katoo alikuwa mzee mwembamba mwenye koti zito na rungu lililoonekana halijawahi kumgusa mtu.

"Ulikuwa wapi gari likitoka?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nyuma kidogo. Nilikuwa nakunywa uji."

"Uji wako?"

"Wa Mama Wahome. Huniletea hapa kwa geti kila asubuhi. Leo aliniita nikunywe huko jikoni, ati nje kuna baridi. Alikuwa amepika na mandazi, akaniambia nisiharakishe."

"Ukasikia nini?"

Katoo alifikiri. "Nilisikia kitu kama mtu ametia kokoto kwa mkebe, akatingisha. Krrrr. Halafu ikanyamaza, nikasikia gari ya kawaida ikienda. Nikasema ni lori ya mchanga."

"Hiyo si gari yangu," Wahome aliingilia haraka. "Mheshimiwa akiwashwa huwezi hata kujua amewaka."

Kavata alimtazama. "Sijasema ni gari yako."

Wahome alirudia kujifuta macho.

Mteja alifika kabla hawajamaliza kupiga picha. Alikuwa Mzee Kakuta, mfugaji kutoka upande wa Mashuuru, mrefu, shuka jekundu juu ya sweta safi, na fimbo aliyoibeba kwapani kama mwalimu. Alisalimia kila mtu kwa zamu, hata paka akapewa macho.

"Supa, Mzee," alisema Kavata, ambaye Kimaasai chake kiliishia hapo.

"Ipa. Nimeambiwa Mheshimiwa amepotea."

"Ameibwa, Mzee. Ulikuwa unamnunua?"

"Nimeuza mafahali. Mama watoto, Nalangu, ako na mguu mbaya, na kliniki yake iko Kajiado. Barabara yetu imekula pikap mbili. Nikasema sasa ninunue kitu ya nguvu, hata kama ni ya zamani."

"Ulimjaribu?"

"Mara tatu."

"Injini ulisikia ikoje?"

Kakuta alisita. Kavata aliona jambo likipita usoni mwake, kama mtu anayekumbuka kwamba hakufunga mlango nyumbani.

"Sasa hapo," alisema polepole. "Kila nikija, naletewa chai kwanza. Nikimaliza chai, gari imeshawaka, inaoshwa. Na nikiingia ndani, redio inaimba. Nyimbo za kanisa, kwa nguvu sana. Mimi si mtu wa kuzima nyimbo za Mungu."

"Kwa hiyo hujawahi kusikia injini ikiwashwa."

"Nimesikia kwaya."

Wahome alikohoa. Otiende aliandika neno "kwaya" katika taarifa, akalipigia mstari bila kujua kwa nini.

"Na hukuona haja ya kuuliza?" Kavata alimwuliza Kakuta.

"Huyu ni kijana wa Mugure," alijibu Mzee, kana kwamba hilo lilimaliza maneno.

Kavata alimwomba asubiri, akamwingiza Wahome ofisini. Ilikuwa ofisi ya mabati yenye kiti kizuri kimoja, na Kavata ndiye aliyekikalia.

"Gari lina bima gani?"

"Ya mtu wa tatu tu. Ile ya kuzuia polisi barabarani."

Kavata aliachana na wazo moja. Mtu hajiibii gari ambalo hatalipwa chochote likipotea.

"Ile krrrr ni nini?"

"Sijui, madam. Katoo ni mzee, masikio yake..."

"Nitoke hapa niwaulize mafundi wote mpaka stendi? Nianze na yupi?"

Wahome alitazama dari. Dari haikumsaidia.

"Ni cheni ya taimingi," alisema.

"Nieleze kama mtu ambaye hana gari."

"Ni cheni iko ndani ya injini. Ndiyo inafanya vitu vya juu na vya chini viende pamoja, hakuna kinachomgonga mwenzake. Hii ya Mheshimiwa imelegea. Injini ikiwa baridi, oili haijapanda, inalia. Ikipata moto inanyamaza."

"Ndio maana ya chai."

"Ndio maana ya chai."

"Na kwaya?"

"Siku mteja anakuja mapema."

"Na ikikatika?"

"Haijakatika."

"Nimeuliza ikikatika."

"Injini inakufa. Kila kitu ndani kinavunjana. Gari inazima hapo hapo, hata usukani unakuwa mzito."

"Mzee Kakuta akiwa kwa barabara ya Namanga, lori nyuma, mama mgonjwa ndani."

"Magari mengi ya aina hii yanaishi hivyo miaka," alisema Wahome kwa sauti ndogo. "Kutengeneza ni kushusha injini yote. Ningebaki na nini?"

Kavata aliinuka kitini. Simu yake ililia. Alikuwa mkuu wa kituo, na alikuwa na haraka.

"Tumelipata," alisema mkuu. "Kizuizi cha karibu na Kajiado. Jeusi, kubwa, dereva mkali."

Nusu saa baadaye alipiga tena akiwa na sauti tofauti kabisa. Gari lile lilikuwa la meneja wa shamba moja la maua. Alikuwa amelazwa kifudifudi kando ya barabara akiwa na tai shingoni, na sasa wakili wake alikuwa akitafuta majina ya kila askari aliyekuwepo.

"Kavata," alisema mkuu, "nipatie gari hiyo leo, ama utakuja kumweleza huyu mtu mwenyewe."

"Genge limetega gari la kutuchanganya," alinong'ona Otiende, akivutiwa. "Hawa ni wajanja sana."

"Otiende, umekula?"

"Bado, madam."

"Twende tukamsalimie Mama Wahome."

Nyumba ya Mugure, mama yake Wahome, ilikuwa nyuma ya yadi, imetenganishwa na ua wa michongoma wenye mlango mdogo. Mwenyewe alikuwa mama mfupi mwenye kitambaa kichwani na sweta iliyofungwa vifungo vyote. Alikuwa mzee wa kanisa, na hata kiti chake alikikalia kama mtu anayengoja wimbo uanze.

"Karibuni," alisema. "Nilikuwa najiuliza mtakuja saa ngapi."

Kabla Kavata hajatoa kitambulisho, mbele yao palikuwa na chai, mkate na mayai ya kukaanga. Otiende alianza kazi. Kavata aliomba kuuona ufunguo wa akiba. Mugure alifungua kabati, akatoa kikombe chenye picha ya maua, akamimina funguo mezani. Wa Mheshimiwa ulikuwa juu ya mingine yote. Katika pete yake lilikuwa limenasa unyoya mdogo mweupe.

Kavata aliutazama unyoya. Kisha akatazama nje ya dirisha. Kulikuwa na pikap ya zamani uani, imepandishwa juu ya mawe, haina magurudumu ya mbele.

"Hiyo pikap ni yako, Mama?"

"Ni yangu. Nimeiendesha tangu huyu Wahome akiwa mtoto wa mgongoni. Imeharibika wiki iliyopita."

"Mayai ni matamu," alisema Otiende. "Ni ya leo?"

"Ya leo asubuhi. Niko na kuku Isinya."

Kando ya ukuta, mabaki ya chakula cha kuku sakafuni yalionyesha mahali palipokuwa na magunia mazito, na magunia yenyewe hayakuwepo. Si mzigo wa kupakatwa kwenye basi.

Kavata alishusha kikombe chake. Alijisikia aibu kidogo, kama mtu anayemkagua mama mkwe mfuko.

"Mama," alisema kwa upole, "Mheshimiwa analala wapi?"

Mugure aliongeza chai kwanza.

"Kwa kuku," alisema.

Otiende aliacha kutafuna.

"Mbona hukusema tangu asubuhi?"

"Hakuna mtu ameniuliza. Mmemuuliza Katoo, mmemuuliza Mzee Kakuta, nimesikia hata barabara ya Kajiado mmelaza watu chini. Mimi nikiulizwa sidanganyi, mwanangu. Lakini pia sikuona haja ya kutangaza."

Waliondoka na gari la polisi. Mugure aliketi mbele akimwonyesha Otiende njia na kumkumbusha kubadilisha gia. Kakuta, Wahome na Kavata walibanana nyuma. Wahome alikuwa ameambiwa tu kwamba gari limeonekana.

"Na mwizi?" aliuliza. "Mmemshika? Ni nani?"

"Ni mimi," alisema mama yake bila kugeuka. "Funga mkanda."

Wahome akafunga mkanda.

Shamba la Mugure lilikuwa nje kidogo ya mji wa Isinya, baada ya mahema ya plastiki ya kukuzia maua. Banda la kuku lilikuwa refu, la mabati na waya. Mugure aliusukuma mlango wake mpana, na wote wakasimama.

Mheshimiwa alikuwa amelijaza banda. Dirisha moja lilikuwa limeachwa wazi. Kuku walikuwa wamepanga mstari juu ya boneti na juu ya paa, na jogoo alikuwa amekalia kioo cha pembeni akijitazama. Katika kiti cha nyuma, juu ya ile ngozi laini, palikuwa na mayai mawili.

Wahome alitoa sauti kama ya puto linaloishiwa pumzi.

Otiende alipiga picha kumi na kitu. Kavata alimvuta Mugure kando kidogo, lakini si mbali kiasi kwamba wengine wasisikie. Alitaka wasikie.

"Mama, lazima nikuulize rasmi. Ulichukua gari hili bila ruhusa ya mwenyewe?"

"Nilichukua."

"Peke yako?"

"Na magunia ya chakula cha kuku. Nikasema kama naiba, nisiibe safari bure. Kurudi nikapanda basi, mayai mapajani."

"Kwa nini?"

Mugure alifungua kitambaa chake, akakifunga upya. Alipoanza kusema, alikuwa akimtazama mwanawe.

"Kitanda changu kiko karibu na ule ua. Kila asubuhi nasikia hiyo gari ikikohoa, halafu namsikia huyu akiilaani. Nilimwambia, tengeneza. Akaniambia atatengeneza akishauza. Nikamwuliza, ukishauza utatengeneza gari ya nani? Akasema mimi sielewi biashara."

Wahome alitazama ncha za viatu vyake.

"Nilinyamaza. Wateja ni watu wazima. Hilo nalo nitamjibu Mungu. Halafu jana nikasikia anayenunua ni Kakuta."

Kuku mmoja alishuka kutoka kwenye paa, akatua juu ya boneti kwa kishindo.

"Hili shamba alituuzia Kakuta, mimi na mume wangu. Mume wangu alipokufa, ndugu zake walikuja hapa na tepe ya kupima, hata matanga hayajaisha. Wakasema mwanamke hakununua kitu. Wakamwendea Kakuta waongee naye, aseme aliuza kwa ndugu yao peke yake. Sijui walimwahidi nini. Alitoka kwake akaja mpaka kwa chifu, akasema, 'Niliuza kwa watu wawili, mmoja ni huyu amekaa hapa.' Akasema hivyo mbele yao wote, na akarudi kwake. Hawa kuku, hiyo yadi, shule ya Wahome, yote imetoka kwa huyo mtu kukataa kusema uongo. Sasa mwanangu anamwekea redio asisikie."

Kakuta alikuwa amegeukia upande wa waya, akitazama nje.

"Ungemwambia tu Mzee," alisema Kavata. "Neno moja."

"Ningemwambia nini? Kwamba nimezaa mtu wa kumwibia?" Mugure aliutazama mgongo wa Kakuta. "Nilishindwa. Kuiba nikaona ni rahisi kuliko kusema."

"Na ungeificha mpaka lini?"

"Mpaka Kakuta achoke, anunue ingine. Kuku hawana haraka."

Kavata alimwita Wahome, akamnyooshea ufunguo.

"Imekaa tangu alfajiri. Imepoa. Washa."

"Madam, kuku watashtuka."

"Washa."

Wahome aliingia, akasukuma kuku mmoja kutoka kiti cha dereva. Mkono wake wa kulia ulienda kwenye swichi. Wa kushoto, kwa mazoea, ulienda kwenye redio.

"Wahome," alisema mama yake.

Mkono ulirudi.

Injini iliwaka. Krrrrrrr. Ilikuwa kama Katoo alivyosema, kokoto katika mkebe, ila mkebe ulikuwa mkubwa na aliyeutingisha alikuwa na hasira. Kuku waliruka pande zote, manyoya yakajaa hewani, na Otiende akapigwa usoni na bawa. Kisha sauti ikafifia, ikanyamaza. Injini ikabaki ikinguruma taratibu kama haijawahi kufanya kosa maishani.

Kakuta alikuwa ameinamisha kichwa, jicho moja amelifumba, kama mtu anayesikiliza kifua cha ndama.

"Huyu ni mgonjwa," alisema.

"Akipata moto anapona, Mzee," alisema Wahome. Ulikuwa ulimi tu. Ulikuwa umeshasema maneno hayo mara nyingi mno. Alipoisikia sauti yake mwenyewe, alizima injini na kubaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Wahome," alisema Kavata, "wewe ndiye mlalamishi. Nikifungua faili, mama yako atashtakiwa kwa kuchukua gari bila idhini. Hakimu atamwuliza sababu. Na mimi nikisikia hiyo sababu kortini, nitafungua faili la pili, lako. Unataka tuendelee?"

Wahome alishuka. Suti ya buluu ilikuwa imejaa manyoya. Alimwendea mama yake kwanza, akasimama mbele yake. Kisha akamgeukia Mzee.

"Mzee, nilikukosea. Nilijua kila siku. Nilikuwa nakupea chai nikijua."

Kakuta alimwondolea unyoya mmoja begani.

"Chai ilikuwa nzuri," alisema. "Ndiyo inaniuma. Mimi nikidhani ni heshima."

Hapo ndipo Wahome alipolia, na safari hii machozi yalikuwepo.

"Nafuta malalamishi, madam," alisema alipoweza. "Na cheni nitabadilisha. Nitauza ile gari ndogo ya kijani iko yadi, nitengeneze hii."

"Utabadilisha mimi nikiwa nimekaa hapo," alisema Kakuta. "Nitaleta kiti changu. Nione ya zamani ikitoka na mpya ikiingia. Halafu gari ilale usiku, asubuhi uiwashe mbele ya Nalangu. Yeye akisema ni sawa, ni sawa. Akikataa, mimi naenda kununua kwa mtu mwingine, na wewe bado ni kijana wa Mugure." Akamgeukia Mugure, akamshika mkono, akaendelea kuushika. "Na wewe, siku ingine uniambie. Mtoto akikosea, bado ni mtoto."

"Nimesikia," alisema Mugure.

"Na inaendaje, barabarani?"

Mugure alitazama chini, kisha akashindwa kujizuia. "Ikishapata moto, Kakuta, inaenda kama imebebwa na malaika. Nilipita malori matatu."

Kakuta alianza kucheka, kicheko kirefu cha kifuani, na mwishowe hata Wahome akacheka huku akipangusa pua.

Kavata alitoka nje kupiga simu. Mkuu wa kituo alipokea kabla haijalia vizuri.

"Umepata?"

"Nimepata, afande. Liko Isinya, salama, linahitaji kuoshwa tu."

"Wezi ni wangapi?"

"Mmoja."

"Ana silaha?"

Kavata aligeuka. Mugure alikuwa anamjia akiwa na sahani, kijiko na uso usiotaka ubishi. Nyuma yake Otiende alikuwa ameshaketi juu ya gunia, anakula.

"Hapana, afande."

"Umemshika?"

Mugure alimshika Kavata kiwiko, akamwelekeza kwenye kigoda.

"Yeye ndiye amenishika mimi," alisema Inspekta Kavata. "Amekataa niondoke kabla sijakula."